Mtawa wa Kifaransa kwenye Kiti cha Kilio

Mke wangu alikufa bila kuacha picha hata moja. Watu wa leo, ambao wanajipiga picha hata wakiwa wanakula, hawawezi kulielewa jambo hilo upesi, kwa hiyo nitalieleza. Tulikuwa na picha ya ndoa, moja tu, tumesimama mbele ya kanisa, mimi nikiwa ndani ya koti la kuazima. Mke wangu aliipeleka kwa mpiga picha wa mtaa wa Kikula aikuze, tuitundike ukutani. Mpiga picha alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, na siku zile zile watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa katika mji wetu wa Likasi. Yeye pia akaenda kuketi stesheni na watoto wake na masufuria yake, akingoja treni kama wengine wote. Mke wangu alikwenda kumwona pale akiwa na mfuko wa unga wa kuwapa kichwani. Aliporudi nilimuuliza habari ya picha.

"Muntu iko analala chini na batoto," akasema, "njo miye nimuulize foto?"

Studio ikafungwa, baadaye ikavunjwa. Milango ikachukuliwa, mwishoni na mabati. Kama picha yetu ilikuwa bado ndani, sijui.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, upande wa matangi, pale shaba inaposafishwa kwa asidi na umeme. Zamani hewa ya Likasi ilikwaruza koo, nasi tulilalamika. Kisha kiwanda kikaanza kulala siku nyingi kuliko zile kilizoamka, hewa ikawa tamu, tukaona milima hadi upande wa Kambove, na tukajua kwamba tumekwisha. Watu walilima mihogo mbele ya nyumba za wakubwa waliokwisha kuondoka. Wengine walikwenda machimboni Kamatanda kuchimba madini kwa mikono. Mimi nilipata kazi ya kufagia na kuteka maji katika nyumba ya mapadri, kwa sababu mke wangu alikuwa akipiga pasi vitambaa vya altare pale, na alimwambia padri mzee kwamba bwana yake anajua kunyamaza.

Padri mzee alikuwa Mfaransa. Katika chumba chake kulikuwa na jalada kubwa la karatasi ngumu, limefungwa kwa utepe, alilorithi kwa mjomba wake aliyekuwa padri pia. Ndani mlikuwa na picha za Ufaransa za karne ya kumi na saba. Hazikuwa za rangi. Zilikuwa za wino mweusi tu, zimechapwa kutoka kwenye mabamba ya shaba. Nyingine zilikuwa sura za watu: maaskofu, mahakimu, mabwana wenye nywele ndefu zilizojikunja hadi mabegani na kola za lesi laini kama utando wa buibui. Kila mmoja amekaa ndani ya duara lililochorwa kama la mawe, na chini yake maneno ya kutaja vyeo vyake. Nyingine zilikuwa za dini. Mtakatifu anasoma pangoni na simba amelala miguuni pake. Bikira na mtoto wanakwenda Misri usiku, na mwanga wote unatoka katika taa moja ndogo ambayo Yosefu ameishika.

Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, kabla unyevu haujaingia, tulizitoa kuzipa hewa. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote katika maisha yangu. Tulizitandaza juu ya vitanda vya wageni, kwa maana wageni hawakuwa wakija tena, tukafunga madirisha upepo usizichukue. Padri alikagua kila karatasi kutafuta mchwa. Mimi niliketi kwenye kigoda, mke wangu mlangoni, na mchana ukapita bila mtu kusema kitu. Nje jua lilikuwa jekundu kwa vumbi na moshi wa majani. Ndani watu wale walikuwa wamelala chali juu ya mashuka meupe, wakitazama dari, kama hospitali ya watu wasioumwa.

Nilijifunza kuwatazama. Ukisogea karibu kabisa, uso unapotea. Hakuna shavu, hakuna jicho, kuna mistari tu, mingine minene, mingine myembamba kama unywele, inapishana kama nyuzi za kikapu. Ukirudi nyuma hatua kidogo, mtu anarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi, mbele na nyuma, na kila mara niliogopa kidogo kwamba safari hii hatarudi. Na jambo moja lilinishangaza: wazungu wale hawakuwa wazungu sana. Weupe wote ulikuwa ni karatasi tu. Kilichowafanya wawe watu ni kivuli.

Padri alitueleza jinsi zilivyotengenezwa. Bamba la shaba linapakwa nta, nta inafukizwa kwa mshumaa mpaka iwe nyeusi. Mchoraji anachora kwa sindano, pale sindano ilipopita shaba inabaki uchi, na asidi inakula pale pale. Kisha wino, kisha karatasi yenye unyevu. Nikamwambia kwamba nimefanya kazi na shaba na asidi tangu ujana, nimeinua mabamba mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwahi kuona uso wa mtu ndani yake. Akacheka.

"Hukutazama vizuri," akasema.

"Tulikuwa tunatazama vidole vyetu, mon père," nikasema, na mke wangu akacheka zaidi yake.

Sasa nije kwa mtawa mmoja aliyekuwa kati ya picha zile. Alikuwa mkuu wa watawa wa nyumba fulani kule Ufaransa, mama wa makamo, kitambaa cheupe kimembana paji la uso, shela nyeusi juu, mikono imefichwa ndani ya mikono ya nguo. Kope moja imeshuka kidogo kuliko nyingine. Midomo imefungwa, lakini pembe moja imevutwa ndani, kama mtu anayesikiliza maelezo marefu na ameshajua tangu neno la kwanza kwamba ni uongo.

Mke wangu alisimama juu yake kwa muda mrefu.

"Uyu mama," akasema, "kuna muntu alimudanganya ile siku."

Kisha akafanya uso ule. Alishusha kope, akavuta pembe ya mdomo, akaficha mikono ndani ya kitenge. Hakufanana na mtawa hata kidogo. Mke wangu alikuwa na uso wa mviringo na pua fupi, na mtawa alikuwa mrefu wa uso kama mbuzi, Mungu anisamehe. Lakini kile kitu kilichokuwa ndani ya picha kilihama kikakaa ndani yake. Padri alilazimika kuvua miwani na kujifuta macho.

Tangu siku ile mke wangu alikuwa nao uso ule. Nikirudi nyumbani nikisema kwamba kiwanda kitafunguliwa mwezi ujao, nimesikia kwa mtu anayejua, alinifanyia uso wa mtawa. Jirani akisema deni atalilipa kesho, uso wa mtawa. Kule sokoni Kikula kulikuwa na mama mmoja muuza samaki wakavu, na huyo ndiye aliyeupata kuliko watu wote, kwa sababu kila alipowasifu samaki wake, mke wangu hakumwamini. Mama huyo alikuwa mtani wake. Ukoo wake na ukoo wa mke wangu ni watani tangu zamani: wanatukanana bila kukasirika, wananyang'anyana vitu bila kushtakiana, na mmoja akifa, mwingine ana ruhusa ya kuja kwenye kilio kumcheza, yaani kutembea kama yeye, kusema kama yeye, kugombana na watu kama yeye. Hakuna wa kumzuia.

Mke wangu aliugua katika mvua kubwa. Homa ilimchukua haraka. Hospitali ilituambia tulete kila kitu, nasi tulileta kila kitu tulichokipata, na hakikutosha. Sitaki kuandika zaidi juu ya siku hizo.

Katika kilio chetu kuna kiti. Kinawekwa uani, kinatandikwa kitambaa cheupe, na juu yake picha ya marehemu, ndani ya kioo, inaegemea mgongo wa kiti. Wanawake wanaketi mbele yake juu ya mikeka na kuimba wakiitazama. Wanamwambia: umetuachia nani, mbona hukuaga. Bila uso pale, wanaimba kwa hewa. Wanawake walikuja, wakaketi, wakaona kiti kitupu, wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, foto iko wapi?"

Lakini kiti hakikuwa shida yangu kubwa. Nilikuwa nimekaa pembeni na binti yetu magotini, mtoto mdogo aliyekuwa bado anachanganya jana na kesho, na nilifumba macho nimtazame mke wangu, nikakuta siwezi. Nilipata nyusi. Nilipata kovu la moto wa pasi kwenye mkono. Nilizipanga na hazikushikana. Uso mmoja tu ndio uliokuja mzima, bila mimi kuuita, nao ulikuwa ule wa kunicheka, uso wa mtawa. Nikaona kwamba kama mimi, mume, nimebakiwa na huo peke yake, mtoto huyu hatabaki na kitu.

Nikaenda kwa padri. Nilimwomba aniazime yule mtawa.

"Lakini huyo si mke wako," akasema polepole. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni.

"Najua, mon père. Nitamwambia kila mtu kwamba si yeye."

Akaitafuta karatasi, akaiweka ndani ya kioo alichokitoa kwenye picha nyingine ukutani. Kabla ya kunipa alinisomea maneno ya chini, ya Kilatini. Alisema kwamba mchoraji hakuwahi kumwona mtawa huyo. Wakati wa kuchorwa mtawa alikuwa ameshakufa. Watawa wake ndio walioomba achorwe, ili wasimsahau, na wakamweleza mchoraji jinsi alivyokuwa. Padri alininyooshea picha, na nilipoishika hakuiachia mara moja.

Nikaiweka kwenye kiti. Nikasimama mbele ya wanawake nikawaambia ukweli: huyu si yeye, ni mtawa wa Ufaransa aliyekufa zamani sana, lakini wengi wenu mnajua kwa nini nimemleta. Wale waliokuwa wakipiga naye pasi walijua. Mmoja alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kitenge, kisha akalia, na wimbo ukaanza tena.

Hapo ndipo dada yake alipofika kutoka Kambove. Ni yaya wake, yaani mkubwa wake, mtoto wa kwanza wa mama yao, mwanamke wa kanisa la uamsho, mrefu, aliyezoea kusikilizwa. Walikuwa hawajaonana muda mrefu, kwa sababu gari lilikuwa shida na kila mmoja alikuwa na njaa yake. Alilia mlangoni kama inavyotakiwa. Kisha akafuta uso, akatazama kiti.

"Shemeki, uyu ni nani?"

"Ni mtawa, yaya. Wa Ufaransa."

"Alifia hapa Likasi?"

"Hapana. Alifia kwao. Ni zaidi ya miaka mia tatu."

Alinitazama kuona kama nimelewa.

"Miaka mia tatu. Sasa iko anatafuta nini ku kiti ya mudogo yangu?"

Nilianza kumweleza. Nilieleza vibaya. Mambo ya kope na pembe ya mdomo hayaelezeki mbele ya watu wanaolia. Nilijaribu kufanya uso ule mwenyewe, na nadhani nilionekana kama mtu anayeumwa jino.

"Shemeki, kulia unaweza kulia," akasema. "Lakini sanamu ya mufu wa wengine, sura ya muntu hatumujue, hapana. Batu bataimbia muzungu, na mudogo yangu atasikia nini?"

Hakusema kwa ubaya. Aliinua picha, akailaza juu ya kiti uso chini, akaifunika kwa kitenge. Mimi sikubishana, kwa sababu kuna kitu alichosema kilichokuwa kweli, na kilinichoma. Niliogopa jambo lile lile. Niliogopa kwamba nikimtazama mtawa kwa muda mrefu, yeye ndiye atakayebaki, mke wangu ataondoka.

Kesho yake, asubuhi, mvua ilikuwa imekatika na ua ulikuwa unatoa mvuke. Muuza samaki akaingia. Hakuja kama mtu anayekuja kwenye kilio. Alikuja akitembea upesi, kichwa kimeinama upande, kapu kwenye kiwiko, kama mke wangu alivyokuwa akitembea akichelewa misa. Niliona wanawake wakinyanyua vichwa.

"Sasa njo kulala gani hii?" akawaambia, kwa sauti ya mke wangu. "Mama mzima unalala ku kilio ya wengine. Kwako hakuna mukeka?"

Akampita kila mtu akimkosoa. Yule kitambaa chake hakikupigwa pasi. Yule anaimba kama chungu kimepasuka. Alipofika kwangu alinitazama juu hadi chini.

"Na uyu bwana yangu. Kiwanda kitafunguliwa lini?"

Nikasema, kwa maana nilijua lazima nijibu, "Mwezi ujao."

Wanawake walianza kucheka. Yeye hakucheka. Aligeuka akaona kiti, akafunua kitenge, akainua picha. Alikuwa hajawahi kuiona. Aliujua uso wa mtawa miaka yote kutoka kwa mke wangu tu, pale mezani pa samaki. Akaitazama kwa muda.

"Kumbe njo weye," akamwambia mtawa. "Njo weye uliniharibia biashara."

Akaketi kwenye kiti, akaiweka picha mapajani, akaficha mikono ndani ya kitenge. Akashusha kope. Akavuta pembe ya mdomo. Akamtazama dada mkubwa moja kwa moja, akamfanyia uso ule.

Sijui nieleze vipi. Mama yule alikuwa mnene, mweusi kuliko mke wangu, na meno ya mbele yamemtoka. Lakini nilimwona mke wangu mzima, mara moja, kama vile ukirudi nyuma hatua kidogo na mistari ikawa mtu. Binti yangu alishuka magotini mwangu akaenda kusimama mbele ya kiti, mkono mdomoni.

Dada mkubwa alisogea karibu na kiti. Kisha akasema, taratibu, "Ile sura hakuwa nayo ku utoto."

"Aliipata ukubwani, yaya," nikasema.

"Fanya tena," akamwambia mtani.

Akafanya tena. Dada akacheka kidogo, na kicheko kikageuka katikati, akaketi chini penye matope na nguo zake nzuri na kulia kilio ambacho hakikuwa cha mlangoni. Alilia kwa sababu kulikuwa na mdogo wake mtu mzima, mwenye mzaha, ambaye hakuwahi kumjua. Wanawake wakamwimbia mtani aliyekaa kitini. Hakuinuka mpaka chakula. Picha ilibaki mapajani mwake, uso juu, na hakuna aliyeifunika.

Kilio kilipokwisha niliirudisha kwa padri. Mwaka uliofuata mambo yaliharibika zaidi, afya yake pia, na wakubwa wake wakamwita arudi Ulaya. Siku ya kufunga mizigo alilifungua jalada, akamtoa mtawa, akaniambia ni wangu.

Nilikataa. Nilimwambia kwamba nikiwa naye nyumbani nitamtazama kila siku, na baada ya miaka sitajua tena ni yupi niliyemwoa. Aliinamisha kichwa, akarudisha karatasi mahali pake, akafunga utepe. Nilimbebea jalada hadi kwenye gari. Lilikuwa zito mno kwa kitu cha karatasi tu.

Binti yangu amekuwa mkubwa. Kila alipotaka kumwona mama yake, alikwenda Kikula kwa muuza samaki, na mama yule aliacha mizani yake akamfanyia uso wa mtawa, hata mbele ya wateja. Kwa miaka mingi hilo lilimtosha. Mwaka mmoja, akiwa karibu kuolewa, tulikwenda wote wawili. Mtani alikuwa amezeeka na kope zake zote mbili zilikuwa zimeshuka zenyewe. Alifanya uso, binti akacheka, kisha akauliza jambo ambalo alikuwa hajawahi kuuliza.

"Mama, na mama yangu akikuwa hafanye muzaha? Akinyamaza tu. Alikuwa namna gani?"

Mama yule alifungua mdomo. Akajaribu. Uso wake ulitafuta, ukapita huku na huku, ukarudi kuwa wake mwenyewe.

"Sijue, mutoto wangu," akasema. "Mbele yangu hakunyamaza hata siku moja."

Binti akanigeukia mimi. Ningeweza kumwambia alikuwa mzuri, watu wote husema hivyo juu ya wafu. Nilimwambia kwamba uso mzima sina, nimebakiwa na vipande, na vingine vimefutika, na sitaki kuvijaza kwa kubuni. Akavuta kigoda cha samaki, akaketi mbele yangu.

"Niambie vile uko navyo, papa," akasema. "Polepole."

Nikaanza na nyusi.